Msiniteremshe, Punguzeni Mwendo

Ukishapita miaka sabini na bado unaonekana juu ya baiskeli, kila mtu hujiona ana haki ya kukushauri. Watoto wako wanakwambia upumzike. Majirani wanawauliza watoto wako kwa nini wanakuacha uhangaike ilhali wao wana kazi nzuri. Daktari kijana unayempelekea goti linalouma anailaumu baiskeli kabla hajaligusa hilo goti. Na kila inapofika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, mwendesha baiskeli huambiwa avae kofia ngumu, avae kizibao kinachong'aa, akae kando, awe mwangalifu. Yote husemwa kwa mapenzi, na mapenzi hayo nayapokea. Ninachokataa ni fikra iliyoyabeba: ya kuwa hatari ya baiskeli inakaa kwa aliyeipanda, katika uzee wake au kichwa chake kitupu, na ya kuwa tiba ni kumrekebisha yeye, na akishindikana, kumteremsha.

Mimi nasema hatari hiyo inakaa kwenye mwendo wa magari na kwenye barabara zinazojengwa kana kwamba hatupo. Mzee akiteremka, hatari haipungui hata chembe. Inabaki palepale kwa mjukuu wake anayekwenda shule.

Naandika kutoka Tanga, na wanaoujua mji huu wanajua kwa nini jambo hili linaniuma. Ardhi yetu ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na imepangwa kwa namba, na kwa miaka mingi baiskeli ilikuwa chombo cha kila mtu. Mwalimu aliendea shule, karani aliendea bandarini, muuza samaki alitoka nayo Deep Sea jua halijapanda, na mama aliyevaa baibui alikwenda nayo sokoni Mgandini bila mtu kugeuza shingo. Shehe aliinua kanzu yake kidogo akapanda. Umri wa mtu haukuulizwa. Wa rika langu wanakumbuka pia mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafuta yalipokuwa adimu na magari binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili mchana. Wenye magari walikwama majumbani, sisi tulikwenda misibani na harusini kama kawaida. Leo chombo hichohicho kinaitwa hatari, na si chombo kilichobadilika.

Kilichobadilika ni kasi. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, linamaliza karibu mita 14 kila sekunde. Likienda 80, linamaliza mita 22. Dereva anahitaji sekunde nzima au zaidi kuona, kung'amua na kukanyaga breki, na muda wote huo gari linakuja vilevile. Kisha kuna nishati ya kugonga, ambayo haikui sawasawa na mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati inaongezeka mara nne. Ndiyo maana mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm Februari 2020 ulitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari yanachanganyika na watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Sheria yetu inaruhusu 50 kwenye makazi ya watu, na hiyo 50 yenyewe huheshimiwa pale tu trafiki anapokuwa amesimama na tochi yake.

Tazameni barabara ya kwenda Pangani. Tuliililia lami kwa miaka mingi, na lami ni haki ya watu wa Pangani kama ilivyo haki ya watu wa Dar es Salaam. Lakini zamani makorongo na vumbi viliwalazimisha madereva wote kwenda taratibu, na mwenye baiskeli alichagua njia yake kati ya mashimo akafika. Lami inapokuja, gari linafunguka, na yule wa baiskeli anasukumwa pembezoni kabisa, mahali ambapo lami imemeguka na kokoto zimelegea. Nawauliza wanaosema umri ndio tatizo: mzee aliyekuwa akipita salama kwenye makorongo, amezeeka ghafla siku lami ilipomwagwa? Wahenga waliposema mwenda pole hajikwai hawakumtoa dereva.

Sasa kofia. Mimi naivaa, na sitamshauri mtu aivue. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliojumlisha tafiti zenye majeruhi zaidi ya 64,000, ulionyesha kuwa waliovaa kofia waliumia vibaya kichwani kwa kiwango cha chini sana kuliko wasiovaa. Ukiteleza kwenye matope ya masika ukaangukia ukingo wa mtaro, kofia inaweza kukuokoa. Lakini someni inavyopimwa. Kwa kipimo cha Ulaya, EN 1078, kofia huangushwa juu ya chuma bapa kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde. Hizo ni pungufu kidogo ya kilomita 20 kwa saa, sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita moja na nusu. Basi ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeanguka mwenyewe. Haikutengenezwa kwa ajili ya basi la abiria linaloshuka kutoka Segera likiwahi foleni ya stendi. Anayesema usalama wa mwendesha baiskeli ni kofia anampa mzee kipande cha povu gumu akakabiliane nacho na tani kumi za chuma, kisha ajali ikitokea, swali la kwanza litakuwa kama marehemu alikuwa amevaa. Swali la dereva alikuwa kwenye mwendo gani litachelewa, na mara nyingi halitafika.

Uholanzi waendesha baiskeli wengi hawavai kofia, na nchi hiyo bado ni miongoni mwa zile ambako kuendesha ni salama zaidi duniani. Nikilitaja hilo naambiwa wenzetu wamezaliwa na utamaduni wa baiskeli. Si kweli. Baada ya Vita vya Pili Uholanzi nayo ililikimbilia gari, ikabomoa majumba na kupanua barabara, na mwaka 1971 barabara zake ziliua watu zaidi ya 3,000, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyempoteza binti yake barabarani, aliandika makala ya hasira, wazazi wakajikusanya na kulianzisha vuguvugu waliloliita Acheni Mauaji ya Watoto. Mafuta yalipokuwa adimu mwishoni mwa 1973, serikali yao nayo ilipiga marufuku magari siku za Jumapili. Nao walibanwa na mafuta kama sisi tulivyokuja kubanwa, na nao waliiona barabara tupu. Tofauti ni kwamba wao walikaa wakajiuliza barabara ile ilikuwa ya nani, na katika miaka iliyofuata wakaanza kuijenga upya. Sisi mafuta yaliporudi tulishukuru Mungu tukaendelea na safari.

Msomaji makini atanijibu kwamba hata huko Uholanzi wengi wa wanaokufa juu ya baiskeli ni wazee. Ni kweli, na ndiyo hoja nzito kuliko zote zinazoletwa dhidi yetu. Mfupa wa mzee huvunjika upesi, na anguko ambalo kijana atajipangusa suruali linaweza kumlaza mzee miezi. Lakini wazee wa huko wanakufa kwa wingi juu ya baiskeli kwanza kwa sababu wanaendesha kwa wingi, mpaka miaka ya themanini, jambo ambalo kwingi ni adimu. Na majibu ya nchi yao hayakuwa kuwateremsha. Wamehimizwa kuvaa kofia, na kazi ya kuziboresha njia zao inaendelea. Nchi inayomheshimu mzee huiangalia sakafu anayokanyaga kabla ya kumwambia asitembee.

Tena wanaotuteremsha hawatupeleki mahali salama. Mwanangu akiniambia niache baiskeli, kinachofuata ni kuniitia bodaboda. Nikae nyuma ya kijana anayekimbizana na hesabu ya tajiri wake, kwa mwendo mara tatu ya wangu, kofia akiwa nayo mmoja tu, au akiwa ameitundika kwenye kioo, halafu hilo ndilo liitwe kumtunza mzazi. Sina ugomvi na vijana wa bodaboda. Wanatafuta riziki, na wanaumia kuliko sisi. Nakataa hesabu inayoona hatari kwenye kilomita kumi na mbili kwa saa na isiione kwenye arobaini.

Nije kwenye afya, maana hapa ndipo ushauri mwema unapofanya madhara makubwa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta takriban robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la damu. Kisukari nacho kimeingia katika nyumba zetu zote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa waliopita miaka 65 linaongeza mazoezi ya nguvu na ya mizani ya mwili, ili wasianguke. Mtu anayekwenda sokoni, msikitini au kanisani na shambani kwa baiskeli ameshazipata dakika hizo bila kulipia ukumbi wa mazoezi na bila kutenga saa. Mkimteremsha, mnampa nini badala yake? Kiti cha plastiki barazani, na kidonge cha asubuhi.

Watafiti wa Uingereza wa King's College London na Chuo Kikuu cha Birmingham walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kuwapima waendesha baiskeli wa ridhaa 125, wenye miaka 55 hadi 79. Wanaume walitakiwa wawe wanaweza kumaliza kilomita 100 chini ya saa sita na nusu, wanawake kilomita 60 chini ya saa tano na nusu. Waliwakuta misuli yao haijapungua kwa umri kama ilivyozoeleka, mafuta ya mwili na kolesteroli havijapanda, na tezi ya thaimasi, inayotengeneza askari wa damu wa kinga na ambayo kwa kawaida husinyaa tangu ujana, ikitoa seli hizo karibu kama ya vijana. Norman Lazarus, mmoja wa watafiti hao, alikuwa mwendesha baiskeli mwenye miaka themanini na kitu. Nakubali kwamba walichaguliwa watu wenye afya, wasiovuta sigara, na kwamba Tanga si London. Hata hivyo wamevunja jambo moja tuliloaminishwa: kwamba kila kinachodhoofika kwa mzee kinadhoofishwa na miaka. Kingi kinadhoofishwa na kukaa. Mfaransa Robert Marchand, naye mwendesha baiskeli, alipimwa na mwanafiziolojia Véronique Billat, na baada ya mazoezi ya miaka miwili uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni ukaongezeka kwa asilimia 13, tena kati ya miaka 101 na 103 ya umri wake. Mwaka 2014, akiwa na miaka 102, aliendesha karibu kilomita 27 ndani ya saa moja.

Kuna na lile linalosemwa kwa kunong'ona, kwamba baiskeli humaliza nguvu za kiume. Limewatoa wanaume wengi barabarani. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2014 uliohusisha wanaume zaidi ya 5,000 waendeshao baiskeli haukukuta uhusiano kati ya saa wanazoendesha na kupungua kwa nguvu hizo. Ganzi ipo, hilo ni kweli, na inatoka kwenye siti nyembamba au siti iliyoinuliwa pua. Laza siti iwe sawa, tafuta pana inayobeba mifupa ya makalio, simama kidogo juu ya pedali kila baada ya muda. Shinikizo na sukari zisizodhibitiwa ndizo zinazoharibu mishipa ya damu ya mwanamume, na dhidi ya hizo mbili baiskeli ni rafiki.

Nami siipi baiskeli sifa isiyo nayo. Haiimarishi mifupa kama kutembea, kwa sababu uzito wako unabebwa na siti. Mzee atembee pia na anyanyue vitu. Mwenye mtoto wa jicho atibiwe kwanza, ndipo arudi. Anayetumia dawa za presha zinazomtia kizunguzungu asipande mara tu baada ya kumeza. Hizo ni sababu za kweli za kumshusha mtu, naye mwenyewe atazikubali akielezwa. Umri peke yake haumo.

Ama goti, mwambieni daktari aitazame siti. Wengi wetu tunaiweka chini mno ili nyayo zote mbili zikanyage ardhi tukisimama, na mzee kwa woga wa kuanguka huishusha zaidi. Matokeo yake goti linakunjwa sana kila mzunguko, likisukuma likiwa limekunjwa, na jioni linalia. Kipimo ni chepesi: kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukihamishia mbele ya wayo kwenye pedali, goti litabaki na mkunjo mdogo, na huo ndio unaotakiwa. Ukitaka kusimama, unatoka kwenye siti na kushuka mbele yake.

Hapo ndipo fremu inapohusika. Mzee mara nyingi haangushwi na kuendesha. Anaangushwa na kupanda na kushuka, pale anaporusha mguu nyuma juu ya karia yenye kiroba cha mkaa au kidumu cha maji. Baiskeli isiyo na bomba la juu, ile tunayoiita ya kike, inaliondoa tatizo hilo lote. Unapitisha mguu mbele, kanzu haikunjiki, na gari likikubana unaweka mguu chini mara moja. Lakini wanaume wazima wanaona haya kuonekana juu yake, wanaendelea na Phoenix zao ndefu za bomba la juu mpaka siku nyonga inapovunjika, kisha jamii inasema mnaona, tulimwambia ameshazeeka. Nawaambia wa rika langu: achaneni na haya hiyo. Wazee wengi wa Uholanzi, wanaume kwa wanawake, wanapanda fremu za namna hiyo.

Na breki. Hizi za fito, zinazobana rimu ya chuma, zinashika vizuri kiangazi. Mvua ikinyesha, rimu ya chuma iliyolowa inateleza na breki inachelewa mno. Rimu ya alumini na breki za waya zinatofautiana nazo kabisa, na kwenye baiskeli za mtumba zinapatikana. Ongezeni kioo cha pembeni, kwa sababu shingo ya mzee haigeuki kama zamani, na kila anapoigeuza usukani nao unageuka. Ongezeni taa ya nyuma ya betri, maana ya dainamo huzima unaposimama, na kusimama barabarani gizani ndipo unapoihitaji. Tairi liwe nene. Kwa wa Lushoto na milima yake, baiskeli yenye mota inayosaidia mguu, ambayo Ulaya huacha kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa, ingewarudisha wazee wengi njiani siku bei yake itakapoteremka. Hayo ndiyo mashauri ninayotamani nipewe. Katika wote waliowahi kuniambia nishuke, sijakutana na aliyekagua breki zangu.

Lakini hata breki ziwe nzuri vipi, barabara inajengwa na wenye mamlaka, na huko fikra ninayoipinga imekuwa sera. Machi 2022 Bujumbura iliondoa baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya jiji. Nairobi ilipitisha sera mwaka 2015 ya kutenga asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Mwaka 2022 kilichofunguliwa kwa shangwe ni barabara ya magari ya kilomita 27 ambayo baiskeli hairuhusiwi kukanyaga. Dar es Salaam ilijenga njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro pamoja na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016, na mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Ilistahili. Ila njia hizo leo zina pikipiki, zina meza za biashara, zina magari yaliyoegeshwa, na aliye kwenye baiskeli anarudi kwenye lami kubwa, halafu anaitwa mkaidi.

Wakisema hakuna fedha, nawaelekeza kwenye shule za Dar es Salaam ambako shirika la Amend lilijenga matuta, vivuko, vizuizi na vijia vya kutembea kando ya barabara, kazi iliyolipatia tuzo ya dunia mwaka 2019. Watoto wanaogongwa walipungua kwa kiwango kilichopimika. Hawakupewa mahubiri ya kuwa waangalifu. Walipewa tuta na mahali pa kutembea. Tuta la mbele ya shule halina gharama ya daraja la juu, na linamlinda mzee wa baiskeli vilevile.

Kwa Tanga hatuna haja ya kungoja mpango mkubwa. TARURA, waliokabidhiwa barabara za mijini na vijijini tangu 2017, waanze na mitaa ya Ngamiani. Wapake alama ya 30 kila mwingilio na waweke matuta yanayoendana na alama hiyo, maana mitaa ni mifupi, imejaa watoto, na hakuna gari lenye sababu ya kukimbia humo. TANROADS, wenye barabara kuu, kwenye barabara za Pangani, Horohoro na Segera, waache bega la lami la mita mbili kila upande, lililotengwa kwa kitu kigumu kisichofutika kama rangi, angalau kutoka mjini hadi vijiji vya mwisho ambako watu wanakuja mjini kwa baiskeli. Kisha wahesabu waendesha baiskeli hapo kabla na baada, kwa umri, wanaume kwa wanawake, ili tukibishana tena tubishane tukiwa na hesabu mezani.